Swichi mbili, seva tatu: mwongozo kamili wa kuweka swichi ya akiba kwenye mashine pepe

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwezi wa Februari, mvua ya Tabora imenyesha na kuacha, simu yangu ikaita. "Kaka, mfumo wote umelala. Seva zinawaka taa lakini hakuna anayeweza kuingia." Nilipofika nilizikuta seva tatu nzima kabisa: feni zinavuma, diski zinafanya kazi, na mashine pepe (kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva) ishirini na mbili zinaendelea na shughuli zake ndani kama kawaida. Kilichokufa ni kifaa kimoja tu, swichi ya poti 24 iliyokaa katikati yao, inayoziunganisha na mtandao. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na swichi haikurudi nao. Taa yake ya mbele ilikuwa inawaka rangi ya chungwa, inazima, inawaka tena, inazima. Swichi nyingine ilibidi itoke Dar es Salaam kwa basi. Siku mbili ofisi ile ilifanya kazi kwa karatasi na kalamu, huku mashine za mamilioni ya shilingi zikiwa hai, bila mtu wa kuzifikia.

Mtu wa Tabora hahitaji maelezo marefu kuhusu hili, kwa sababu ya reli. Reli ya kati ikitoka Dar es Salaam, hapa ndipo inapogawanyika: tawi moja linakwenda Kigoma, jingine Mwanza. Makutano yakifungwa, kichwa cha treni kilichoko Mwanza kinaweza kuwa kipya na tangi limejaa, lakini hakifiki pwani. Swichi moja katikati ya seva zako ndiyo makutano hayo.

Nitaeleza jinsi ninavyoongeza swichi ya pili kwenye mazingira ya namna hiyo bila kuzima huduma mchana kutwa. Mfano wangu ni seva tatu zinazoendesha Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo zaidi katika ofisi za huku. VMware na Hyper-V, programu nyingine za kazi hiyo, nitazigusa pale njia inapoachana.

Chora kwanza, kebo baadaye

Usichomoe hata waya mmoja kabla hujajua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Ramani ya miaka mitatu iliyopita usiiamini, hata kama uliichora wewe. Kaa mbele ya raki (kabati la seva) na daftari, uandike: seva ipi, poti ipi, inaingia poti namba ngapi ya swichi, VLAN zipi (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja) zinapita, na kazi yake ni nini. Kazi huwa ni nne: usimamizi wa seva, mawasiliano ya mashine pepe na watumiaji, hifadhi ya diski, na mazungumzo ya klasta yenyewe, yaani lile kundi la seva zinazofanya kazi pamoja. Ofisi nyingi ndogo zimebananisha zote nne kwenye waya mmoja. Liandike hilo pia, litaamua mambo mbele.

Kuna amri moja inayookoa muda sana hapa. Majina kama eno1 na enp3s0f0 hayajaandikwa nyuma ya seva, na ukikisia utachomoa waya usio wenyewe. Andika hivi:

ethtool -p eno1 10

Taa ya poti hiyo, kwenye kadi nyingi, itapepesa kwa sekunde 10. Zunguka nyuma ya raki uitazame, ubandike lebo papo hapo. Fanya hivyo kwa kila poti ya kila seva. Kwa seva tatu ni nusu saa, na nusu saa hiyo utaikumbuka saa nne usiku utakapokuwa umeshika kebo mkononi.

Ukishajua poti zote, chagua jozi. Hapa watu wengi hukosea kimyakimya: wanachukua poti mbili za kadi moja ya mtandao. Kadi ikifa, zote mbili zimekwenda. Chukua poti moja ya ubao mama na nyingine ya kadi ya kuongeza. Kama seva haina kadi ya kuongeza, inunue pamoja na swichi. Bila hiyo kazi itakuwa nusu.

Kisha fuata nyaya za umeme kwa mkono mpaka ukutani. Swichi mbili zinazolishwa na UPS moja (betri ya akiba) zitazimika pamoja. Unahitaji UPS mbili, na ikiwezekana kila moja kwenye saketi yake. Seva zenye pawasaplai mbili, kila moja iende kwenye UPS yake. Mji wetu mvua zake zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na radi zinakuja nazo, kwa hiyo hakikisha raki imeunganishwa na waya wa ardhini wa kweli, si ule uliofungwa kwenye fremu ya dirisha. Na kama kuna kebo ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine na kuingia kwenye swichi yako, ibadilishe iwe ya faiba (nyuzi za kioo). Radi ikipiga karibu, shaba huleta umeme hadi ndani ya raki, kioo hakipitishi.

Zinazojitegemea au zinazojifanya moja

Uamuzi huu ndio unaobeba kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Njia ya kwanza ni kuzifanya swichi mbili zionekane kama moja. Baadhi ya watengenezaji huziunganisha kwa staki (zote chini ya ubongo mmoja), wengine kwa MLAG (kila moja na ubongo wake, ila zinashirikiana). Faida yake ni kwamba seva inaweza kutumia nyaya zote mbili kwa wakati mmoja kupitia LACP, utaratibu wa kufunga nyaya kadhaa ziwe njia moja, na ukiwa na nyaya mbili za gigabiti 1 unapata nafasi ya jumla ya gigabiti 2. Nasema ya jumla kwa makusudi: mazungumzo mamoja kati ya mashine mbili bado yanapita waya mmoja, kwa hiyo faili moja kubwa halitasafiri kwa kasi maradufu.

Njia ya pili ni kuziacha swichi mbili zijitegemee, kila moja na usanidi wake na akili yake, na seva ndiyo inayoamua itumie waya upi. Waya mmoja unafanya kazi, wa pili unasubiri. Kwenye Linux hali hii inaitwa active-backup.

Kwa ofisi ya seva mbili hadi nne, isiyo na mhandisi wa mtandao anayelala jirani, mimi nachagua ya pili, na ninaitetea bila kusitasita. Staki ina ubongo mmoja. Kwenye modeli nyingi, kusasisha fimuwea (programu ya ndani ya swichi) kunaziwasha upya zote kwa pamoja, na kosa moja la usanidi linaziangusha zote kwa sekunde moja. MLAG ni nzuri zaidi kwa hilo, lakini inahitaji swichi za bei na mtu anayeijua vizuri. Swichi mbili zinazojitegemea zinaweza hata kuwa za watengenezaji tofauti. Moja ikichanganyikiwa, nyingine haijui wala haijali. Unachopoteza ni kasi ya ule waya unaosubiri, na katika ofisi nyingi nilizopima, waya mmoja haujawahi kujaa.

VMware na Hyper-V nazo zinaelekea huko huko. Swichi pepe ya kawaida ya VMware haifanyi LACP kabisa, ni ile ya kusambazwa tu ndiyo inayoweza. Na timu ya kadi iliyojengwa ndani ya swichi pepe ya Hyper-V, iliyokuja na Windows Server 2016, haifanyi LACP. Imetengenezwa ifanye kazi na swichi zisizojuana.

Kuhusu ununuzi nitasema machache. Chukua swichi inayosanidiwa, yenye VLAN, RSTP (ulinzi dhidi ya kitanzi) na SNMP (njia ya kusoma hali ya swichi kwa mbali). Ile ya mezani isiyo na usanidi haifai hapa. Poti ziwe sawa na swichi ya kwanza au zaidi. Ikiwezekana iwe modeli ile ile, si kwa sababu ya teknolojia bali kwa sababu mtu atakayeitengeneza usiku atakuwa na lugha moja tu ya kukumbuka. Ukinunua iliyotumika Kariakoo, iwashe hapo hapo dukani, sikiliza feni, na ujaribu poti nne tano tofauti kabla hujalipa. Nunua kebo za rangi mbili. Mimi hutumia bluu kwa swichi A na njano kwa swichi B, kila mahali, bila kuvunja utaratibu.

Swichi B ianzie mezani

Isiingie kwenye raki ikiwa tupu. Iweke mezani na laptop yako, uisanidi yote, kisha uzime, uwashe, na uhakikishe usanidi umebaki. Swichi nyingi hazihifadhi mpaka uziamuru.

Anza na fimuwea, kisha jina, anwani ya IP ya usimamizi, nywila, na saa sahihi. Saa ni muhimu: siku ya tatizo utalinganisha kumbukumbu za A na B, na zikipishana dakika saba hutaelewa kipi kilianza.

Halafu VLAN. Hapa ndipo nilipochomwa. Miaka michache nyuma niliweka swichi ya akiba kwa wateja fulani, nikachomoa kebo moja ya majaribio, pingi (ujumbe wa kujaribu kama mashine inajibu) ikaendelea, nikafunga raki nikaenda nyumbani nimeridhika. Miezi kadhaa baadaye swichi A ikazimika. Karibu kila kitu kilihamia B kama kilivyopangwa, isipokuwa mashine pepe ya wahasibu. Ilikuwa inawaka, ina afya, haionekani popote. Ilikuwa VLAN 30. Kwenye poti za tranki (zinazopitisha VLAN nyingi) za swichi B nilikuwa nimeandika 10, 20, 40. Namba moja niliiruka, na sikuwahi kuijaribu kwa sababu mashine niliyoipigia pingi ilikuwa VLAN 10. Tangu siku hiyo natoa orodha ya VLAN za A na za B, naziweka mbili kando kwa kando kwenye karatasi, na mtu mwingine anazisoma kwa sauti huku mimi nikiweka alama.

Baada ya VLAN ni STP, ulinzi dhidi ya kitanzi, yaani pakiti kuzunguka kati ya swichi bila mwisho. Tumia RSTP, si STP ya zamani ambayo huiweka poti sekunde 30 kabla ya kuruhusu pakiti. Usiache swichi zijichagulie kiongozi, kwa sababu zikiwa na kipaumbele kile kile cha kiwandani, 32768, anayeshinda ni mwenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kifaa ya kiwandani), na mara nyingi huyo ni kiswichi kizee kilichosahaulika ofisi ya masjala. Ipe A kipaumbele 4096 na B 8192. Poti zote zinazokwenda kwenye seva ziweke kama poti za pembeni, yaani zisizo na swichi nyingine upande wa pili. Kwa Cisco jina lake ni PortFast, kwa wengi wengine ni edge. Bila hivyo, kila poti ikiwaka seva itasubiri bila sababu.

Kama hifadhi yako inatumia fremu kubwa za MTU 9000 (pakiti za hadi baiti 9000), washa hilo kwenye B pia. Na usitengeneze kundi la LACP kwenye poti za seva kama umechagua active-backup. Swichi ikidhani poti mbili ni kundi na seva ikidhani si kundi, pakiti zitapotea kwa namna ambayo itakuchukua siku nzima kuielewa.

Kuziunganisha A na B

Funga B kwenye raki, juu au chini ya A, ukiacha nafasi ya yuniti moja kama ipo. Vumbi letu la kiangazi huziba matundu ya hewa, na swichi mbili zilizobanana huchomana. Umeme wa B utoke UPS ya pili.

Sasa unganisha A na B kwa nyaya mbili, zikiwa kundi moja la LACP kati ya swichi hizo mbili. Sanidi kundi pande zote mbili kwanza, ndipo uchomeke. Ukichomeka kwanza na RSTP ikawa imezimwa upande mmoja, unaweza kutengeneza kitanzi: pakiti za matangazo zitazunguka na kuongezeka mpaka mtandao mzima ukwame ndani ya sekunde chache. Utakijua kwa macho: taa za poti zote zitapepesa pamoja kwa kasi moja, kama moyo unaokimbia. Ukiona hivyo, chomoa waya huo mara moja, usianze kuandika amri.

Fanya hatua hii jioni watu wakishatoka. Chomeka waya wa kwanza, subiri dakika moja, angalia hali ya STP: A awe kiongozi, B amtambue. Ndipo wa pili. Tranki hii ipitishe VLAN zote za watumiaji na usimamizi. Za hifadhi nitazisema mbele.

Seva moja baada ya nyingine

Kabla ya kugusa seva, shughulikia HA, utaratibu wa klasta wa kuwasha mashine pepe kwingine seva ikifa. Kwenye Proxmox, seva yenye mashine zilizo chini ya HA ikipoteza akidi ya klasta (idadi ya kutosha ya seva zinazoonana) kwa kama sekunde 60, hujiwasha upya yenyewe. Ni ulinzi mzuri, lakini wakati unabadilisha nyaya unaweza kukuangushia seva zote. Weka kila mashine hali ya kupuuzwa:

ha-manager set vm:101 --state ignored

Kisha angalia kwa ha-manager status mpaka seva zote zionyeshe idle. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Subiri.

Chagua seva ya kwanza, hamisha mashine pepe zake zote kwenda kwenye zile mbili zikiwa hai. Kama diski ziko kwenye hifadhi ya pamoja ni dakika chache. Kama ziko ndani ya seva yenyewe, bado inawezekana lakini itasafirisha diski nzima, kwa hiyo ianze mapema. Hakikisha zile seva mbili zina RAM ya kuzibeba. Kisha chomeka kebo ya njano kutoka poti ya pili ya seva kwenda swichi B, na uhariri /etc/network/interfaces:

auto eno1
iface eno1 inet manual

auto enp3s0f0
iface enp3s0f0 inet manual

auto bond0
iface bond0 inet manual
    bond-slaves eno1 enp3s0f0
    bond-mode active-backup
    bond-primary eno1
    bond-miimon 100
    bond-updelay 30000

auto vmbr0
iface vmbr0 inet static
    address 10.20.10.11/24
    gateway 10.20.10.1
    bridge-ports bond0
    bridge-stp off
    bridge-fd 0
    bridge-vlan-aware yes
    bridge-vids 2-4094

Weka nakala ya faili la zamani kwanza, na uwe na skrini na kibodi vimechomekwa kwenye seva, au uwe umeingia kupitia kadi yake ya usimamizi. Halafu ifreload -a. Mawasiliano yatakatika sekunde chache na kurudi.

Mistari miwili inahitaji maneno. Miimon 100 maana yake seva inaangalia kila milisekunde 100 kama waya una uhai. Updelay 30000 maana yake waya ukirudi, usiuamini kwa sekunde 30. Sababu ni hii: swichi ikiwashwa upya, taa za poti huwaka mapema kuliko swichi yenyewe kuwa tayari kupitisha pakiti. Bila ucheleweshaji huo, seva itarudi mbio kwenye A iliyo nusu usingizini, na utapata katiko la pili pale pale unaposherehekea kurudi kwa A. Kama swichi yako huchukua dakika mbili kuamka, ongeza namba hiyo. Ipime kwa saa.

Kwa VMware, hatua hii ni kuongeza kadi ya pili kwenye swichi pepe, moja hai na moja ya akiba, na kipengele cha Failback kukizima kwa sababu hiyo hiyo. Pitia pia kila kundi la poti, kwa kuwa kundi linaweza kuwa na mpangilio wake unaopuuza ule wa juu.

Thibitisha kwa cat /proc/net/bonding/bond0. Uone kadi zote mbili ziko hai, na anayefanya kazi ni eno1. Nenda nyuma, chomoa kebo ya bluu, soma tena: awe enp3s0f0. Irudishe. Ndipo urudishe mashine pepe na kwenda seva ya pili. Usifanye seva mbili kwa pamoja hata kama usiku umekwenda. Ukichoka, simama hapo. Klasta yenye seva moja tayari na mbili bado inafanya kazi vizuri hadi kesho.

Utaona nimeweka kadi kuu ya seva zote kwenye A. Kugawa nusu kwa nusu kunavutia, lakini kunalazimisha mashine za upande mmoja kuvuka tranki kila zinapozungumza na za upande wa pili. Ile kadi ndogo ya usimamizi wa seva, iLO au iDRAC, ambayo kwa kawaida ina waya mmoja tu, iweke B. A ikifa, bado una mlango wa kuingilia.

Klasta ipewe njia mbili zake yenyewe

Corosync, ile sehemu inayohesabu akidi, haihitaji upana mkubwa, inahitaji majibu ya haraka, chini ya milisekunde 5. Usiitegemeze kwenye bondi pekee, yaani ile jozi ya kadi tuliyoiita bond0. Yenyewe inajua kutumia njia zaidi ya moja. Kama una poti za ziada, ipe waya wake A na mwingine B, kila mmoja na anwani za mtandao tofauti.

Nakili /etc/pve/corosync.conf kwenda faili jipya, mwongezee kila mwanaklasta mstari wa ring1_addr wenye anwani yake ya upande wa pili, ongeza kiolesura namba 1 kwenye sehemu ya totem, na ongeza config_version kwa moja. Ukisahau namba hiyo, mabadiliko hayatakubaliwa. Kisha lirudishe faili mahali pake kwa mv. Angalia kwa corosync-cfgtool -s kuwa njia zote mbili zimeunganishwa na kila seva, na kwa pvecm status kuwa akidi ipo.

Hifadhi

Kama unatumia iSCSI (diski zinazofikiwa kupitia mtandao), usiweke bondi. Ina utaratibu wake wa njia nyingi, na ni bora kuliko bondi. Tengeneza mitandao miwili, mfano 10.20.31.0/24 inayoishi A tu na 10.20.32.0/24 inayoishi B tu, wala isivuke tranki. Kila kidhibiti cha kifaa cha hifadhi kiwe na waya kwenye swichi zote mbili. Kabla hujagusa njia ya kwanza, amri ya multipath -ll ikuonyeshe ya pili iko hai. Kwa NFS (mafaili ya pamoja kupitia mtandao), tumia bondi kama ya hapo juu.

Fremu kubwa zipime hivi, kwa njia zote mbili:

ping -M do -s 8972 10.20.32.5

8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya pakiti. Ikikataa, kuna mahali MTU imebaki 1500. Pingi ndogo ya kawaida haitakuonyesha kosa hili. Litaonekana usiku wa nakala rudufu, diski zitakapoganda.

Ruta na swichi za vyumbani

Bondi inaona uhai wa waya, haioni kilicho nyuma ya swichi. Ruta ikiwa imechomekwa A peke yake, A ikifa seva zitakuwa zinazungumza zenyewe kwa zenyewe na hakuna mtumiaji wa tawi anayezifikia. Ruta yenye uwezo wa bondi, kama zile za MikroTik, ipe mguu mmoja A na mwingine B kwa active-backup. Ukiwa na ruta mbili, tumia VRRP zishirikiane anwani moja ya lango. Ikiwa ruta yako haiwezi lolote kati ya hayo na bajeti imekwisha, sanidi poti 24 ya B iwe sawa kabisa na poti 24 ya A, ilikochomekwa ruta, na uandike kwenye mlango wa raki: "A ikizima, hamisha kebo nyekundu kutoka A-24 kwenda B-24." Mlinzi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa maelekezo ya simu.

Swichi za vyumbani nazo zinahitaji waya kwenda A na mwingine kwenda B. RSTP itaufunga mmoja na kuufungua ukihitajika.

Zima kweli

Chagua Jumamosi jioni, waambie watu mapema, na hakikisha nakala rudufu ya usiku uliopita ipo na inafunguka. Laptop yako iendeshe pingi kwa mashine pepe moja ya kila VLAN, madirisha yote wazi mbele yako. Kila VLAN, hata ile ya kamera.

Chomoa waya wa umeme wa swichi A. Usiizime kwa amri, chomoa. Kwa kawaida unapoteza pingi moja au mbili, wakati mwingine hakuna. Zikipotea zaidi ya tano, kuna kitu, na mara nyingi ni poti isiyowekwa kuwa ya pembeni. Acha A ikiwa imezimwa dakika kumi nzima. Mwombe mhasibu mmoja aingie kwenye mfumo na kuchapa risiti. Fungua faili kubwa. Hamisha mashine pepe moja kutoka seva hadi seva.

Rudisha umeme wa A na usiondoe macho, kwa sababu kurudi huvunja mambo kama kuondoka. Kisha fanya yale yale kwa B. Kisha zima UPS ya kwanza yote, kisha ya pili. Mwisho chomoa nyaya zote mbili za tranki. Andika idadi ya pingi zilizopotea kwa kila jaribio. Ukimaliza, zirudishe mashine kwenye HA kwa --state started.

Kengele

Mfumo wenye akiba unaficha ugonjwa. Mguu mmoja ukivunjika hakuna anayepiga simu, kwa hiyo hakuna anayejua. Niliwahi kufungua raki mwezi wa Oktoba, joto limeiva, nikakuta swichi B haina umeme: mtu alichomoa plagi yake ili achomeke feni ya mezani. Vumbi juu ya plagi iliyolala sakafuni lilionyesha si jambo la wiki hiyo.

Weka Zabbix au LibreNMS, programu za kufuatilia mtandao, kwenye mashine pepe ndogo, izisome swichi zote mbili kwa SNMP, na itume ujumbe poti yoyote ya seva ikizimika. Kama hilo ni kubwa kwako sasa, programu ndogo ya mistari michache kwenye kila seva, inayosoma faili la bondi kila dakika tano na kutuma barua pepe ikiona kadi moja iko chini, inatosha kuanzia. Ijaribu kwa kuchomoa kebo na kusubiri ujumbe ufike kwenye simu yako.

Plagi za raki zifunge kwa utepe mwekundu. Ndani ya mlango bandika karatasi yenye ramani ya poti, orodha ya VLAN, maana ya bluu na njano, namba ya simu ya fundi, na tarehe ya mwisho swichi A ilipochomolewa kwa majaribio. Kila miezi mitatu ichomoe tena, uandike tarehe mpya chini ya ile ya zamani.